Samuel Maverick

Samuel Augustus Maverick (Pendleton, South Carolina, 23 Julai 1803 – San Antonio, Texas, 2 Septemba 1870) alikuwa mwanasheria, mwanasiasa na mmiliki mkubwa wa ardhi nchini Marekani. Alikuwa mmoja wa watu waliotia saini tamko la uhuru wa Texas mwaka 1836, akawa meya wa San Antonio na mbunge kwa miaka mingi.

Pamoja na hayo yote, jina lake halikubaki duniani kwa sababu ya siasa wala sheria. Limebaki kwa sababu ya ng'ombe wapatao 400 ambao hakuwatafuta, hakuwachunga mwenyewe, na ambao ndama wao wengi hawakupigwa chapa. Kutokana na ng'ombe hao neno maverick liliingia katika lugha ya Kiingereza. Kwanza lilimaanisha ng'ombe asiye na chapa, kisha likaja kumaanisha mtu asiyefuata kundi.

Familia na elimu

Maverick alizaliwa katika familia yenye mali. Baba yake, aliyeitwa pia Samuel, alikuwa mfanyabiashara wa Charleston aliyehamia Pendleton na kununua ardhi nyingi. Mama yake, Elizabeth Anderson, alikuwa binti wa Robert Anderson, ofisa wa vita vya uhuru wa Marekani ambaye kaunti ya Anderson huko South Carolina imepewa jina lake.

Kijana Samuel alipelekwa kaskazini kusoma, akahitimu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1825. Baadaye alisomea sheria huko Winchester, Virginia, akaruhusiwa kufanya kazi ya uwakili mwaka 1829.

Alirudi nyumbani akagombea kiti katika bunge la jimbo mwaka 1830, akashindwa. Wakati huo South Carolina ilikuwa imewaka moto wa siasa: wengi walidai kwamba jimbo lina haki ya kufuta sheria za serikali kuu, na kiongozi wa fikra hiyo, John C. Calhoun, aliishi karibu na Pendleton. Maverick na baba yake walipinga. Haikuwa rahisi kwa kijana mwenye msimamo huo kupata nafasi ya kisiasa katika mazingira hayo, na baada ya miaka michache aliondoka. Alipita Georgia na Alabama, ambako alijaribu kilimo kwa kazi ya watumwa bila kukipenda, na mwaka 1835 akaelekea Texas, ambayo bado ilikuwa sehemu ya Mexico. Kilichomvuta ni ardhi.

Vita vya Texas

Alifika San Antonio mwezi Septemba 1835, wiki chache tu kabla ya walowezi waliotoka Marekani kuasi serikali ya Mexico. Jeshi la Mexico lililokuwa mjini lilimweka chini ya ulinzi pamoja na wenzake wachache. Alipoachiwa alijiunga na waasi waliouzingira mji, na kwa kuwa aliijua mitaa yake, akawa kiongozi wa njia kwa kikosi cha Ben Milam kilichoingia mjini Desemba 1835. Milam aliuawa katika mapigano hayo, lakini mji ulitekwa.

Maverick alibaki na askari waliokaa katika ngome ya Alamo. Askari hao walipewa nafasi ya kuchagua wajumbe wa mkutano wa uhuru huko Washington-on-the-Brazos, wakamchagua yeye kuwa mmojawapo. Kwa sababu hiyo hakuwa ndani ya ngome tarehe 6 Machi 1836, siku jeshi la Mexico chini ya rais wake Santa Anna lilipoivamia na kuwaua karibu wapiganaji wote waliokuwamo. Alifika kwenye mkutano baada ya tamko kupitishwa, akatia saini yake pamoja na wengine. Kura ya wenzake ndiyo iliyomwokoa, na wengi wa waliompigia kura hiyo walikufa.

Ndoa na kifungo

Mwezi Agosti 1836, huko Alabama, alimwoa Mary Ann Adams, msichana wa miaka 18. Yeye alikuwa na miaka 33. Walihamia San Antonio mwaka 1838 na walipata watoto kumi, ambao kadhaa wao walifariki wangali wadogo. Mary aliandika kumbukumbu za maisha yao, na kumbukumbu hizo zimekuwa chanzo muhimu cha historia ya Texas ya wakati ule. Mengi yanayojulikana leo juu ya mumewe yamepita mikononi mwake.

Maverick alianza kazi ya uwakili, akachaguliwa kuwa meya mwaka 1839, na wakati huohuo akanunua hati za ardhi. Mji ulikuwa mpakani na haukuwa na amani. Mwaka 1842 familia ililazimika kukimbilia mashariki kwa kuogopa majeshi ya Mexico. Mwezi Septemba mwaka huo Maverick alirudi San Antonio kwa ajili ya kikao cha mahakama, na Jenerali Adrián Woll akaingia mjini na askari wake. Zaidi ya watu 50 walitekwa, wakiwamo jaji na mawakili.

Mateka hao walisafirishwa kwa miezi mitatu hadi gereza la Perote, magharibi ya Veracruz, ambako walifungwa minyororo na kufanyishwa kazi. Maverick aliachiwa mwishoni mwa Machi 1843 kwa msaada wa Waddy Thompson, balozi wa Marekani nchini Mexico, ambaye naye alitoka South Carolina. Alikuwa amedokezwa kwamba angetoka mapema zaidi kama angekubali kuunga mkono Texas irudi chini ya Mexico, akakataa. Alipokuwa bado gerezani watu wa nyumbani walikuwa wamekwisha kumchagua kuwa mbunge wa Jamhuri ya Texas.

Chapa katika malisho ya wazi

Ili kuelewa kilichofuata ni lazima kujua jinsi ng'ombe walivyofugwa Texas wakati huo. Hapakuwa na ua wala seng'enge. Nchi ilikuwa tambarare kubwa ya majani, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo haikuwa na mwenyewe au ilikuwa ya serikali. Ng'ombe wa watu mbalimbali walilisha pamoja mwaka mzima bila mchungaji wa kila siku, tofauti na wafugaji wa Afrika Mashariki ambao kwa kawaida hutoka na mifugo asubuhi na kuirudisha zizini jioni. Ng'ombe wa Texas aliweza kukaa miezi mingi bila kumwona binadamu, akazaa porini, akahama kilometa nyingi kufuata maji au kukimbia baridi. Mmiliki hakuweza kuwajua ng'ombe wake kwa sura wala kwa rangi. Kilichomtambulisha mnyama ni alama aliyochomwa kwenye ngozi.

Desturi hiyo ililetwa na Wahispania. Tayari mwaka 1529 katika Jiji la Mexico iliagizwa kwamba kila mwenye mifugo awe na chapa yake na iandikwe kwenye daftari. Wafugaji wa Texas waliirithi pamoja na kamba, tandiko na maneno mengi ya kazi hiyo. Mwaka 1848 bunge la Texas lilitunga sheria ya kuandikisha chapa kwa karani wa kaunti, na chapa isiyoandikishwa haikukubaliwa mahakamani kuwa ushahidi wa umiliki. Kwa hiyo chapa ilikuwa na sehemu mbili: alama kwenye mnyama na mstari kwenye daftari. Moja bila nyingine haikutosha.

Kazi yenyewe ilifanywa hasa majira ya kuchipua, wakati ndama walikuwa bado wananyonya. Wapanda farasi wa eneo zima walikusanya ng'ombe wote mahali pamoja. Ndama alikamatwa kwa kamba, akaangushwa, akachomwa ubavuni au kwenye paja kwa chuma kilichotolewa motoni. Madume yalihasiwa papo hapo, na mara nyingi sikio lilikatwa kwa umbo maalumu, kwa kuwa alama ya sikio huonekana hata mnyama akiwa na manyoya marefu ya baridi au akitazamana na mtu.

Chapa zilikuwa herufi, tarakimu au picha sahili, nazo zilikuwa na namna yake ya kusomwa: kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini. Herufi iliyolazwa ubavu ilikuwa chapa tofauti na ileile iliyosimama. Mtu aliyezoea aliweza kuzisoma akiwa juu ya farasi kwa mbali.

Swali lilikuwa ndama huyu ni wa nani, na jibu lilikuwa kwa mama yake. Ndama alipewa chapa ya ng'ombe aliyemfuata. Ndiyo sababu wakati ulikuwa jambo kubwa. Ndama akikamatwa anaponyonya, hakuna mjadala. Akiachwa mpaka amwache mama yake, ushahidi umetoweka, na amebaki mnyama mzima asiye na alama katikati ya maelfu. Mwizi wa ng'ombe alilijua hilo. Hakuwa na haja ya kuiba ng'ombe mwenye chapa. Ilitosha kumtenga ndama na mama yake kwa muda, kisha kumchoma chapa yake mwenyewe. Wengine walikuwa na ufundi wa kuongeza mistari kwenye chapa ya zamani ili isomeke vingine, wakitumia chuma chenye ncha iliyopinda, na hata kuchoma juu ya blanketi lililoloweshwa ili kidonda kipya kifanane na kovu la zamani. Hayo yote yalikuwa hatari. Mnyama asiye na chapa kabisa hakuwa na hatari yoyote.

Ng'ombe wa Matagorda

Mwishoni mwa mwaka 1844 Maverick alihamishia familia yake pwani, mahali paitwapo Decrow's Point kwenye rasi ya Matagorda. Rasi hiyo ni ukanda mwembamba wa mchanga na majani kati ya Ghuba ya Mexico na ghuba ndogo ya Matagorda. Huko, katikati ya miaka ya 1840, jirani mmoja aliyekuwa na deni la dola 1,200 alishindwa kulipa kwa fedha akatoa ng'ombe. Walihesabiwa kwa dola 3 kila mmoja, wakawa 400. Maverick hakuwa mfugaji wala hakukusudia kuwa. Aliwapokea kama wakili anavyopokea chochote kilichopo kuliko kukosa kabisa.

Mwezi Oktoba 1847 familia ilirudi San Antonio. Ng'ombe waliachwa kwenye rasi chini ya familia moja ya watumwa, ambayo mkubwa wake aliitwa Jack. Bahari ilikuwa kama ua kwa pande mbili, na bila shaka ilidhaniwa hiyo inatosha. Haikutosha. Mwaka hadi mwaka ng'ombe walitawanyika, wengine wakavuka kwenda bara na kuchanganyika na wa watu wengine. Sehemu tu ya ndama ilipigwa chapa; waliobaki walikua bila alama.

Masimulizi ya baadaye huelekea kuitupia lawama familia hiyo ya watumwa kwa uzembe. Lawama hiyo yafaa itazamwe kwa makini. Kukusanya na kupiga chapa ng'ombe mia kadhaa kwenye malisho ya wazi ni kazi ya kundi la wapanda farasi wenye vifaa na mamlaka ya kubishana na majirani. Mtumwa hakuwa na mamlaka hayo. Hakuweza kusimama mahakamani dhidi ya mzungu aliyechoma chapa yake kwenye ndama wa bwana wake, na hakuwa na faida yoyote katika kuongezeka kwa kundi lile. Yeye mwenyewe na watoto wake walikuwa mali ya Maverick, nao katika hesabu za sheria ya Texas walikuwa na thamani kubwa kuliko ng'ombe wote wa rasi.

Habari zilimfikia Maverick kwamba kundi linapotea. Kufikia mwaka 1854 aliamua kuwahamisha. Waliopatikana walipelekwa Conquista, kwenye mto San Antonio, karibu kilometa 80 chini ya mji. Mambo hayakuwa mazuri zaidi huko. Ndama waliendelea kukua bila chapa, na majirani walipomwona ng'ombe wa namna hiyo walizoea kusema kwamba huyo ni wa Maverick. Wengine walisema hivyo na kumwacha. Wengine walisema hivyo huku wakiwasha moto wa kupashia vyuma.

Mwaka 1856 Maverick aliuza kila kitu kwa Toutant Beauregard, ndugu wa jenerali Beauregard aliyekuja kuwa maarufu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mauzo yalifanyika kwa desturi ya malisho ya wazi: hakuna aliyewahesabu ng'ombe mmoja mmoja, bali mnunuzi alinunua chapa pamoja na haki ya wanyama wote waliokuwa nayo au waliostahili kuwa nayo, popote walipo. Makadirio yalikuwa ng'ombe 400. Beauregard, tofauti na muuzaji, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Watu wake walizunguka kaunti kadhaa wakitafuta ng'ombe wasio na chapa, na kila walipompata walidai kwamba ni wa Maverick na kumchoma chapa waliyoinunua. Bila shaka wafugaji wa kaunti hizo hawakulifurahia jina hilo. Hapo ndipo neno lilipoenea mbali kuliko mtu mwenyewe alivyofika.

Hadithi na ukweli

Baada ya kifo chake zilizagaa hadithi za aina tatu. Ya kwanza ilisema kwamba Maverick alikuwa mjanja: alikataa kupiga chapa ng'ombe wake makusudi ili adai kwamba kila ng'ombe asiye na chapa katika Texas ni wake. Ya pili ilimfanya kuwa mtu wa huruma aliyeona vibaya kuwachoma wanyama. Ya tatu ilimfanya kuwa mfugaji mkubwa kuliko wote nchini, mwenye makundi yasiyohesabika. Zote tatu zimerudiwa katika magazeti na vitabu, na hadi leo msomaji anaweza kukutana nazo.

Mwanawe, George Madison Maverick, alichoshwa na hadithi ya kwanza, ambayo kwa kweli ilimwita baba yake mwizi. Mwaka 1889 aliandika barua kwa gazeti moja la St. Louis akieleza habari ya deni, rasi, Conquista na mauzo kwa Beauregard. Mtu anaweza kusema kwamba mtoto atamtetea baba yake daima, na ni kweli. Lakini hesabu zinamtetea vizuri kuliko barua. Kundi la ng'ombe 400 lenye majike ya kawaida, likilisha bure kwenye nchi yenye majani kwa karibu miaka kumi, lilipaswa kuongezeka mara kadhaa. Kama Maverick angekuwa anakusanya pia ng'ombe wa watu, lingekuwa kubwa ajabu. Badala yake alianza na 400 na akauza 400. Ongezeko lote lilikwenda mahali pengine, na halikwenda kwake. Katika mambo ya chapa Maverick ndiye aliyeibiwa.

Kwa nini basi mtu makini namna ile aliacha mali yake ipotee? Jibu linaloelekea zaidi ni kwamba hakuiona kuwa mali ya maana. Akili yake yote ilikuwa kwenye hati za ardhi. Huko hakuwa mzembe hata kidogo: alipima, aliandikisha, alilipa kodi, alikwenda mahakamani kwa ajili ya mipaka, na hata alisafiri mwenyewe katika nchi za hatari kukagua viwanja. Wakati wa kifo chake alikuwa na ekari zaidi ya 300,000, na kaunti ya Maverick kwenye mpaka wa Mexico ilipewa jina lake mwaka 1856, mwaka uleule alipoondokana na ng'ombe. Mtu huyo hakukosa kuelewa maana ya alama na daftari. Alielewa sana, lakini kwa mali ya aina nyingine.

Siasa na miaka ya mwisho

Mwaka 1848, baada ya kifo cha bintiye Agatha aliyekuwa na miaka saba, Maverick alijiunga na msafara wa John Coffee Hays uliotafuta njia kutoka San Antonio kwenda magharibi. Msafara ulipotea, ukaishiwa chakula, na wasafiri wakala nyumbu wao kabla ya kurudi. Mwaka 1849 kipindupindu kilimchukua binti mwingine, Augusta. Mwaka uliofuata familia ilijenga nyumba kwenye kona ya uwanja wa Alamo, hatua chache kutoka ngome ambayo angeweza kufia.

Kuanzia mwaka 1851 hadi 1863 alikuwa mjumbe wa bunge la Texas. Katika ujana wake alikuwa amehama South Carolina kwa sababu ya kutetea umoja wa Marekani, lakini mwaka 1861 alipiga kura ya kujitenga. Alikuwa mmoja wa makamishna watatu waliosimamia Jenerali David Twiggs alipokabidhi mali za jeshi la serikali kuu huko San Antonio mwezi Februari 1861. Wana wake wanne walipigana upande wa majimbo ya kusini. Alikuwa meya tena wakati wa vita. Vita vilipokwisha mwaka 1865 watumwa walikuwa huru, na Maverick aliomba msamaha wa serikali akapewa. Alifariki mjini San Antonio tarehe 2 Septemba 1870 akazikwa huko.

Neno baada ya mtu

Vita vilifanya neno lake kuwa la lazima. Kwa miaka minne wanaume wengi wa Texas hawakuwa nyumbani, na ndama hawakupigwa chapa. Waliporudi walikuta nchi imejaa ng'ombe wazima wasio na alama, yaani maverick wa kila upande. Bei ilikuwa ndogo Texas lakini kubwa katika miji ya kaskazini iliyofikiwa na reli, na mtu mwenye farasi, kamba na chuma aliweza kuanza maisha. Desturi ilikubali kwamba ng'ombe aliyemwacha mama yake na hana chapa ni wa aliyemkamata. Wenye makundi makubwa waliwalipa hata wafanyakazi wao kwa kila kichwa walichokichoma chapa ya tajiri.

Kisha matajiri wakageuka. Ng'ombe walipopanda thamani na ardhi ikaanza kujaa, kitendo kilekile kilichowatajirisha wao kikaitwa wizi kilipofanywa na maskini. Vyama vya wafugaji vilianzishwa, kimoja mashuhuri kikiwa kile cha kaskazini-magharibi ya Texas kilichoundwa mjini Graham mwaka 1877, na wakaguzi wakawekwa kusoma chapa za ng'ombe na za ngozi kwenye masoko na vituo vya reli.

Mfano mkali zaidi ulikuwa Wyoming. Mwaka 1884 bunge la huko lilipitisha sheria iliyojulikana kama Sheria ya Maverick. Ng'ombe yeyote asiye na chapa aliyepatikana wakati wa kukusanya mifugo alikuwa mali ya chama cha wafugaji wa Wyoming, akauzwa kwa mnada, na fedha zikalipia wakaguzi wa chama hichohicho. Chama kilitawaliwa na wenye makampuni makubwa. Mfugaji mdogo aliweza kumwona ndama wa ng'ombe wake akiuzwa mbele ya macho yake. Baada ya majira mabaya ya baridi ya 1886–1887, yaliyoua mifugo mingi sana, chuki iliongezeka. Mwezi Aprili 1892 matajiri walikodi wapiga bunduki kutoka Texas wakaivamia kaunti ya Johnson. Waliwaua Nate Champion na Nick Ray, kisha wakazingirwa na wananchi wenye silaha katika shamba moja mpaka wapanda farasi wa jeshi la Marekani walipotumwa na Rais Benjamin Harrison kuwatoa. Hakuna hata mmoja wao aliyehukumiwa.

Kilichomaliza enzi ya ng'ombe hao ni uzio. Joseph Glidden wa Illinois alipata hataza ya seng'enge mwaka 1874, na mwaka 1876 muuzaji John Gates aliionyesha katikati ya San Antonio kwa kufungia ng'ombe wakali ndani yake. Baada ya hapo malisho yalikatwa vipande, na ndama aliyezaliwa ndani ya uzio alikuwa wa mwenye uzio. Chapa hazikuisha, na Texas bado huziandikisha kwa makarani wa kaunti, lakini hazikuwa tena ushahidi pekee.

Neno lilihamia kwa watu. Kabla ya karne ya 19 kwisha wanasiasa wasiotii vyama vyao walikuwa wakiitwa maverick, na mjukuu wa Samuel, Maury Maverick, mbunge wa Texas kuanzia 1935 hadi 1939 na baadaye meya wa San Antonio, alilistahili jina hilo kwa maana zote mbili. Timu ya mpira wa kikapu ya Dallas Mavericks ilianzishwa mwaka 1980. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2008 mgombea John McCain na mwenzake Sarah Palin walijiita hivyo mara kwa mara, hadi baadhi ya wazao wa Samuel Maverick wakalalamika magazetini kwamba jina la ukoo linachomwa kwenye ng'ombe asiyehusika.